Historia ya Sheria za Mashamba na Hifadhi za Wanyama, Tangu Wadachi Hata Leo

Wenzetu walioandika kurasa zilizotangulia wameeleza habari za kahawa, mizani, maghala na mikopo, nao wameeleza vizuri. Sisi tumepewa neno jingine lisilopimwa kwa mizani, nalo ni ardhi ambayo kahawa hiyo imesimama juu yake. Huenda mwanachama akauliza: katika sherehe ya Chama chetu Kikuu kutimiza miaka kumi, habari za sheria zimeingiaje? Jibu letu ni kwamba katika miaka hii kumi hatukumaliza mkutano mkuu hata mmoja pasipo mjumbe kusimama na kuuliza moja la maswali mawili. La kwanza: kwa nini ng'ombe wangu akivuka bikoni ya Hifadhi hukamatwa, nami nikatozwa faini, bali tembo akivuka bikoni ile ile akala migomba yangu hapana anayetozwa? La pili: kwa nini shamba kubwa lililokaa miaka mingi bila jembe huitwa shamba la mtu, na malisho ya kijiji yakipumzishwa misimu miwili huitwa ardhi tupu?

Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali. Moja lahusu wanyama wa porini, la pili lahusu mashamba ya watu binafsi, na ofisi zinazoyajibu ni mbalimbali pia, hata mkulima huzunguka toka mlango hadi mlango. Lakini mtu akiyafuata nyuma, mwaka baada ya mwaka, kama afuataye mfereji kwenda juu mlimani, atafika kwenye chemchemi moja. Kazi yetu katika kurasa hizi ni kumpeleka msomaji hata pale.

Chemchemi hiyo ni amri iliyotolewa na Kaisari wa Wadachi, yaani Wajerumani, tarehe 26 Novemba, 1895. Amri ilisema kwamba katika nchi yote ya Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya bendera yao, ardhi isiyo na mwenyewe itakuwa mali ya Taji. Ikaachwa tu ile ambayo mtu binafsi, au mtawala wa kienyeji, au jamii ya wenyeji, angeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Maneno hayo husikika kuwa ya haki, na pengine aliyeyaandika aliyaona kuwa ya haki. Lakini neno zito lilikuwa lile la kuthibitisha. Mzungu alithibitisha kwa karatasi. Mwenyeji hakuwa na karatasi. Ushahidi wake ulikuwa jembe lake, na jembe halionyeshi ila pale lilipolima.

Sisi wa miteremko ya Mlima Meru twajua vema jinsi ushahidi wa jembe ulivyo mfupi. Nyumba moja ya Kimeru haikuishi katika shamba moja. Palikuwa na kihamba juu, penye migomba na baadaye kahawa. Palikuwa na shamba la chini la mahindi na maharage, ambalo lilipumzishwa lilipochoka. Tena palikuwa na nyika ya malisho, na njia ya kuwapeleka ng'ombe kwenye maji na magadi, na msitu wa kuni, asali na dawa. Sehemu hizi zote zilikuwa na wenyewe na desturi zake, na mzee yeyote wa ukoo angeweza kuonyesha mpaka kwa kidole. Mgeni mwenye ramani alipopita aliona kihamba na akakiandika. Nyika aliiona tupu. Msitu aliuona tupu. Shamba lililopumzishwa lilimwonekea kuwa pori.

Msomaji na atazame tarehe inayofuata. Mwaka wa 1896, kabla miezi kumi na miwili haijapita tangu amri ile ya ardhi, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyama. Amri hii ilimtaka mwindaji awe na leseni, na ikatenga sehemu mbili zisizoruhusiwa kuwindwa, moja nyikani upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na nyingine katika nchi ya Rufiji. Hizo ndizo mbuga za kwanza za wanyama zilizotengwa kwa sheria katika nchi yetu. Hivyo shamba la mlowezi na mbuga ya wanyama ni watoto wa mama mmoja, nao wamepishana kwa miezi michache tu. Sheria ikiisha kusema kuwa nyika haina mwenyewe, mtawala aweza kumpa mlowezi, au akampa mnyama. Hana haja ya kumwuliza mwingine.

Kwetu Meru alifanya yote mawili. Juu, msitu wa mlima ulitengwa kuwa wa Serikali. Chini, tangu miaka ya 1900 na kitu, mashamba yaligawiwa walowezi, miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, mpaka mashamba hayo yakazunguka miguu ya mlima kama pete. Watu wakabaki katikati, msitu juu yao na waya chini yao. Kila kizazi kilipozaliwa, kihamba kiligawanywa tena.

Waingereza walipoipokea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, walitoa Sheria ya Ardhi ya tarehe 26 Januari, 1923. Tusiidharau sheria hii, maana msingi wake ungali chini ya nyumba tunayoishi leo. Ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma, iko chini ya usimamizi wa Gavana, na itatumiwa kwa manufaa ya wenyeji wa nchi. Mtu angeweza kupewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini hati zilizopatikana kihalali kabla ya sheria ile hazikuguswa. Basi mashamba ya Wadachi yalipouzwa kama mali ya adui, yaliuzwa pamoja na hati zake za milele, na wengi wa walionunua walikuwa wageni wengine.

Mwaka wa 1928 sheria ilirekebishwa, ikakubali kwamba mwenyeji, au jamii ya wenyeji, wanaoitumia ardhi kwa desturi zao, nao wahesabiwe kuwa na haki ya kuikalia. Ilikuwa hatua njema. Haki ya mwenye karatasi na haki ya asiye na karatasi zikakaa ndani ya sheria moja, kama ndugu wawili wa baba mmoja. Walakini siku ya kugawana urithi ndipo ijulikanapo nani ni mtoto wa nyumba kubwa, na kwetu siku hiyo ilifika mwaka wa 1951.

Habari za Ngare Nanyuki zimekwisha kuandikwa, na Mzee Kirilo Japhet mwenyewe pamoja na wakili wake walitoa kitabu juu yake mwaka wa 1967. Lakini vijana wengi wa vyama vyetu huzisikia kama hadithi, nasi twaona yafaa tuzikalishe mahali pake katika mfululizo huu wa sheria. Baada ya Vita Kuu ya pili, Serikali ilimtuma Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Jaji aliona wazi kwamba watu wamebanwa. Akashauri baadhi ya mashamba yarudishwe kwa wenyeji, lakini pia akashauri kwamba ukanda wa kaskazini na mashariki ya mlima, unaoelekea Sanya, uwe mahali pa walowezi peke yao, wafuge ng'ombe bila kuchanganyika na wenyeji. Katika ukanda huo yalikuwamo mashamba mawili yaliyojulikana kwa namba tu, 31 na 328, nayo ndiyo Ngare Nanyuki. Watu walikuwa wakiishi humo, wakiwa na nyumba, mifugo, mifereji na makanisa.

Wameru walikataa. Hawakukataa kwa mapanga. Walikataa kwa mikutano na barua. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika, watu wapatao 3,000 wakaondolewa, mali zao zikapakiwa, nyumba zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa kwenda King'ori, ambako nchi ni ya joto na haikuwa waliyoizoea. Hapo ndipo watu wa Meru walipochanga fedha kijiji kwa kijiji, wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Katika mwaka wa 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza habari ya mashamba mawili yenye namba. Halmashauri ya Umoja ilikubali kwamba watu warudishiwe ardhi yao. Lakini shauri lilipofika mbele ya Mkutano Mkuu wa Mataifa, kura hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa, likaanguka.

Je, walishindwa? Kwa siku ile, ndiyo. Lakini kabla TANU haijaundwa mwaka wa 1954, nchi nzima ilikwisha kuona kwamba mkulima wa kahawa aweza kuiuliza Serikali swali mbele ya dunia. Sisi watu wa ushirika twapenda kuongeza neno dogo: safari ile ililipiwa kwa michango ya wakulima wenyewe. Watu waliokwisha kujifunza kuchanga, kuandika jina la mchangaji na kutoa hesabu, ndio walioweza kumpeleka mtu New York.

Wakati huo huo, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka kwetu, upande wa mbuga nao ulikuwa ukitengenezwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa ilitungwa mwaka wa 1948, na mwaka wa 1951, mwaka ule ule wa Ngare Nanyuki, Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa kwa sheria hiyo. Hapo mwanzo haki za watu waliokuwa wakiishi ndani hazikufutwa. Wamasai walichunga Moru na Ngorongoro kama walivyochunga baba zao. Lakini upesi ulizuka ugomvi: kilimo kilikatazwa ndani ya hifadhi mwaka wa 1954, wachungaji wakalalamika, wataalamu wa wanyama nao wakalalamika, na kila upande ukasema umedanganywa. Baada ya tume na maandiko mengi, hifadhi iligawanywa mwaka wa 1959. Serengeti ikabaki kuwa ya wanyama peke yao, na Wamasai wakatoka humo. Ngorongoro ikapewa sheria yake yenyewe, ya kuwahifadhi wanyama na kuwaacha wafugaji wakae pamoja nao, jambo lililokuwa geni katika Afrika ya siku zile, na ambalo mpaka leo halijaacha kuleta mabishano.

Na mwaka huo huo wa 1959 ilitungwa upya Sheria ya Hifadhi za Taifa, na ndani yake limo neno ambalo kila mwanachama anayepakana na Hifadhi yapasa alijue. Eneo likiisha kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, haki zote za ardhi walizokuwa nazo watu ndani yake hukoma. Hazipunguzwi wala hazisimamishwi kwa muda. Hukoma, na kinachobaki ni madai ya fidia. Hakuna kukaa, kulima, kuchunga, kukata kuni wala kuingia bila kibali. Kwa sheria hiyo ilianzishwa mwaka wa 1960 Hifadhi ya Ngurdoto hapa kwetu. Mwaka wa 1967 iliongezwa bonde la kilele cha Mlima Meru, na jina likabadilishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Baadaye msitu wa mlima nao uliunganishwa na Hifadhi.

Hapo tumelifikia swali la kwanza la wajumbe wetu. Ng'ombe akivuka bikoni hukamatwa kwa sababu upande wa pili wa bikoni haki ya mwenye ng'ombe imekoma kwa sheria. Tembo akivuka kuja huku, sheria haisemi kwamba Serikali imekosa, kwa kuwa tembo hana bwana anayeweza kushitakiwa kama mwenye mbuzi. Ndiyo maana malipo yaliyowekwa na kanuni za mwaka 2011 hayakuitwa fidia. Kwa mazao yaliyoharibiwa yaliitwa kifuta jasho, na kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa yaliitwa kifuta machozi. Majina hayo ni ya kweli kuliko majina mengi ya serikali, maana kitambaa hufuta jasho lakini hakirudishi nguvu. Hata hivyo, ni haki ya mkulima kuyaomba, na wengi wetu huyakosa kwa kuchelewa kutoa taarifa, au kwa kung'oa migomba iliyoangushwa kabla ofisa hajaja kuiona.

Lakini hatutaki kusomwa kama watu wanaoichukia Hifadhi. Maji ya mifereji yetu yatoka katika msitu ule, na mkulima anayekumbuka ukame hana haja ya kufundishwa maana ya msitu. Mwezi wa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza hapo Arusha kwamba wanyama na mapori yao ni amana ambayo taifa jipya litaitunza, na taifa limeitunza. Malalamiko yetu hayako juu ya kutunza. Yako juu ya namna mpaka ulivyochorwa, na nani aliyeulizwa.

Turudi sasa kwenye mashamba. Mwaka wa 1958 Serikali ya kikoloni ilikuwa na shauri la kuwaruhusu wenyeji nao wawe na hati za milele, waweze kuuza na kununua ardhi kama bidhaa. Mwalimu alilipinga katika kijitabu kilichoitwa Mali ya Taifa, akisema kwamba katika nchi ya maskini ardhi ikiisha kuuzwa ovyo, baada ya miaka wachache watakuwa mabwana na wengi watakuwa wapangaji. Baada ya Uhuru maneno hayo yakawa sheria. Mwaka wa 1963 hati za milele, pamoja na zile zilizotoka kwa Wadachi, zilifutwa na kugeuzwa kuwa za kupanga kwa miaka 99. Na mwaka wa 1969 hizo nazo zikageuzwa kuwa haki ya kumiliki kutoka kwa Serikali, yenye masharti.

Hili nalo yafaa lieleweke, kwa kuwa tumewasikia wanachama wakisema kwamba shamba fulani ni la bwana fulani milele na milele. Si hivyo. Katika Tanzania Bara hakuna mtu wala kampuni mwenye ardhi milele kwa hati; anayo kwa muda, analipa kodi, naye amefungwa na masharti ya kuiendeleza. Asipoyatimiza, Rais aweza kuifuta haki yake. Lakini mpaka siku ya kufutwa, shamba hilo ni lake, hata likiota miba; na likifutwa hurudi mikononi mwa Serikali, halirudi lenyewe kwa kijiji jirani. Waliovamia mashamba kabla ya kufutwa walijikuta mahakamani, na wakati mwingine walilipoteza hata lile ambalo wangepewa kwa subira.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa hatutaikalia sana, kwa sababu kila nyumba ina masimulizi yake. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu katika nchi walihamishiwa vijijini, na mashamba ya zamani wakapewa wengine. Ugomvi ulipofika mahakamani miaka iliyofuata, Serikali ilitunga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za zamani za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati ule, na kuwazuia watu wasidai. Mkulima mmoja wa Mbulumbulu, upande wa Karatu, aitwaye Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe, hawakukubali. Walikuwa wamekwisha kushinda kesi na kurudishiwa ardhi yao, na sasa sheria mpya ilikuja kuwanyang'anya ushindi. Mwaka wa 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali, na Katiba huilinda mali. Hivyo haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki, na mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili fidia hiyo. Tangu mwaka wa 1895 ilipita karibu miaka mia moja kabla ushahidi wa jembe haujapewa heshima hiyo katika mahakama kubwa ya nchi. Nasi twaona kwamba jina la mkulima huyo lastahili kutajwa katika kila darasa la ushirika.

Kisha zikaja sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Ziligawa ardhi yote katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji, na neno la mwisho la kuigawa liko kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwanakijiji aweza kupewa hati ya haki miliki ya kimila, isiyo na ukomo wa miaka. Mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu angalau lazima wawe wanawake. (Wazee kadhaa wametuuliza kama hilo ni kosa la mpiga chapa. Si kosa la mpiga chapa.) Rais aweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, kuifanya ya hifadhi au ya jumla, lakini haihamishwi mpaka habari ya fidia iwe imekwisha kukubaliwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo ilimtaka Waziri ahakikishe kwamba mapori tengefu hayaingii ndani ya ardhi ya vijiji.

Mtu angedhani kwamba safari imekwisha. Lakini katika Sheria ya Ardhi, pale inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yamo maneno machache yanayosema kwamba ndani yake huingia na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji maneno hayo hayamo. Wanasheria wamebishana juu ya jambo hili tangu sheria zitoke. Sisi si wanasheria. Tulimaliza shule ya sekondari tukaingia katika hesabu za kahawa. Lakini tulipoyasoma mara ya kwanza, tulilikumbuka lile neno la Kaisari la ardhi isiyo na mwenyewe, na tukaona kwamba swali la pili la wajumbe wetu limezaliwa hapo.

Hatusemi hayo kwa nadharia. Katika mwaka wa nne wa Chama chetu, kijiji kimoja chenye chama cha msingi kilicho mwanachama wetu kililetewa wageni wenye ramani. Hatutakitaja kijiji wala wageni. Ramani ilionyesha malisho ya chini ya kijiji kuwa hayatumiki, na kwa kweli mwaka ule hapakuwa na ng'ombe hata mmoja pale, kwa kuwa ukame ulikuwa umewapeleka mbali, na kijiji kilikuwa kimeamua malisho yapumzishwe misimu miwili. Kijiji hakikuwa na cheti cha ardhi. Mipaka yake ilijulikana kwa mti, mto na jiwe, na mti ulikuwa umekwisha kukatwa.

Ofisi yetu iliombwa msaada, nasi hatukujua pa kuanzia. Karatasi za zamani za ushirika nyingi zilipotea vyama vikuu vilipovunjwa mwaka wa 1976, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 hapana aliyeziulizia. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa karani wa kijiji zamani, alipotuambia kwamba analo kasha la bati chini ya kitanda chake. Ndani yalikuwamo madaftari ya mihtasari. Katika moja tulikuta uamuzi wa mkutano wa kijiji wa kugawa malisho yale katika zamu tatu, kila sehemu ipumzishwe kwa wakati wake, pamoja na majina ya waliohudhuria na alama za vidole vya wasiojua kuandika. Chini yake, miaka iliyofuata, uamuzi ule ulikuwa umerudiwa mara baada ya mara, kwa wino tofauti na mwandiko tofauti.

Tuliupeleka muhtasari huo wilayani. Hatukutoa hotuba. Tulionyesha tu kwamba kupumzisha ni kutumia, na kwamba kijiji kilikuwa kimeandika hivyo kabla wageni hawajazaliwa kwa shauri lile. Maofisa waliusoma, wakaja wenyewe kutembea mipaka pamoja na wazee, na ramani ile ikarudi ilikotoka. Kazi ya kupima na kupata cheti ilichukua muda mrefu zaidi kuliko tulivyodhani, na fedha zaidi, na kwa jambo hilo twapenda kuwashukuru wanachama wa vyama vingine vya msingi waliokubali sehemu ya ushuru wa Chama Kikuu itumike kwa kijiji kisicho chao. Palikuwa na ubishi mkali siku ile. Mjumbe mmoja aliuliza kama tumeanza kuuza kahawa au kununua bikoni. Mwaka uliofuata, kijiji chake ndicho kilichokuwa cha kwanza kuleta maombi ya kupimiwa.

Vijiji ambavyo bado havijapimwa vinakumbushwa kwamba mambo matatu hutakiwa mapema: muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji wenye sahihi, makubaliano ya mipaka na vijiji jirani, na orodha ya sehemu zinazopumzishwa, kila moja na zamu yake. Penye kupakana na Hifadhi, mwakilishi wa Hifadhi naye aitwe siku ya kutembea mpaka, na jina lake liandikwe. Wasingoje siku ya kuonekana ramani ya mtu mwingine.

Mzee mwenye kasha amelitoa kwa Chama Kikuu, kwa sharti kwamba asinyimwe kuja kulitazama. Liko katika ofisi ya katibu, juu ya kabati, mahali pasipofika mchwa wala maji. Mwanachama anayetaka kusoma madaftari hayo, au kuleta ya kijiji chake yanakiliwe, na afike Jumanne au Ijumaa asubuhi, kabla mizani haijafunguliwa.